Duka la Majeneza Limepakwa Njano

Jumatatu, 10 Machi

Leo tumeruhusiwa kuingia bustani ya michezo kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Mafundi bado wamejaa kila kona. Nimepita lango la wafanyakazi, nikakata kushoto kwenye farasi wa kuzunguka, nikafika penye duka langu — halipo!

Lipo. Yaani jengo lipo. Duka ndilo halipo.

Miaka ishirini na miwili nimeuza katika Duka la Majeneza, pale watu wanapotokea wakishamaliza kuzungushwa gizani ndani ya Jumba la Mizuka. Kuta nyeusi. Rafu zilizopinda. Katikati jeneza la msonobari lililojaa panya wa sufu. Na mimi nyuma ya kaunta, gauni jeusi la kufunika shingo, sicheki. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kutocheka. Mtoto akiingia namwambia, "Umechelewa. Tulikungoja jana." Akiuliza bei namtazama kwanza, kuanzia viatu kupanda juu. Wanapiga mayowe, wanatoka mbio, wanarudi na bibi zao.

Sasa kuta ni za njano. Njano ya kiini cha yai. Rafu nyeupe, nyoofu, kama za duka la dawa. Na juu ya mlango — Pip. Pip ni kalunguyeye mwenye macho kama sahani, ndiye nembo mpya ya bustani. Ndani kuna Pip wa kukumbatia, Pip wa kunywea chai, Pip wa kuning'iniza funguo. Basi.

Preben akatokea nyuma yangu na chupa yake ya kahawa. Yeye ana Duka la Maharamia upande wa pili wa bwawa. Alikuwa nalo. Nikamuuliza kwake wamepafanyaje.

"Si umesimama humo humo," akasema. "Ni hivi hivi, Vibeke. Mpaka ufa wa dirishani."

Maduka kumi na moja. Yote hivi hivi.

Jumatano, 12 Machi

Mkutano. Wenye bustani wapya, walioinunua mwaka jana, wametuletea mtu kutoka Copenhagen. Jina lake Kamilla, umri miaka thelathini na kitu, viatu vyeupe kabisa — mwezi Machi! Na tope lote hili la Jutland! Cheo chake ni Msimamizi wa Furaha ya Wageni. Tulikuwa thelathini na watano ndani ya chumba cha chakula na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Mambo tuliyoambiwa: Kila mtu fulana ya njano. Kila mgeni aambiwe, "Karibu nyumbani kwa Pip!" Na kila mtu atabasamu, meno manane ya juu yaonekane. Manane! Mzee wa duka la reli akauliza je, aliyebaki na matano? Kamilla akasema kwa upole kabisa kwamba wataangalia hali ya kila mtu.

Mlangoni pa kila duka kutawekwa kishikwambi chenye nyuso tatu. Ya kijani inacheka, ya bluu imenyamaza, nyekundu imenuna. Mgeni akitoka anabonyeza. Mwisho wa Aprili, duka litakaloshika mkia, muuzaji wake "tutaongea naye."

Mimi ni Mdenmark. Najua maana ya wakubwa kutaka kuongea nawe: ni kufukuzwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya mazoezi nyumbani. Mogens alikuwa mezani na mkate wake mweusi na ini la kusaga, anasoma gazeti. Nikamkalia mbele, nikatoa meno manane.

Akashusha gazeti. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Nimefanya nini tena?"

Nikamwambia hakufanya kitu, natabasamu tu.

"Miaka thelathini na minne ya ndoa," akasema, "na leo ndiyo nimeogopa." Akahamia sebuleni na sahani yake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepewa jukumu la kumpigia Bi Ellinor simu, maana wakubwa hawamjui na mimi namjua. Ana miaka themanini na mmoja, anakaa kijijini nyuma ya kanisa, na ndiye aliyekuwa akitushonea panya. Hakuna panya wawili waliofanana. Mmoja kengeza, mwingine ana huzuni, mwingine utadhani amekula kitu cha mtu. Watoto walikuwa wanakaa nusu saa kuchagua.

Nikamwambia hatutahitaji tena. Kisha akasema afadhali, macho yenyewe yamechoka na panya walishamtoka puani. Nikashukuru, nikataka kukata.

"Vibeke," akasema, "lakini ninao arobaini hapa ambao bado mikia. Niwamalizie, au?"

Nikasema awamalizie. Sijui kwa nini. Nitawafanya nini panya arobaini?

Ijumaa, 21 Machi

Jeneza langu nimelikuta nje ndani ya kontena la taka, limelala kiubavu chini ya mabati. Jeneza zima, bawaba zake nzima! Nikamuuliza fundi kama naweza kulichukua. Akasema mama, chukua, ila usiniambie la nini.

Preben akaazima gari la wazi la shemeji yake. Tukalipakia, tukalifunga kamba. Njiani nilimwuliza haoni uchungu na duka lake, yale mapipa ya vito vya kioo, yule kasuku wa mbao. Akasema hivi na vile. Preben! Miaka kumi na tisa kitambaa jichoni, halafu "hivi na vile"!

Tumelishusha sebuleni. Mogens amelizunguka mara mbili, amelipima kwa macho, amesema litafaa kwa viazi.

Jumamosi, 22 Machi

Ooh, aibu!

Asubuhi nimefungua pazia, nikaona bendera kwa jirani yetu Gunnar ipo nusu mlingoti. Nikasema moyoni, maskini, nani kaondoka kwao? Nikamtuma Mogens akaulize. Akatoka na nguo za kulalia na koti juu.

Gunnar alikuwa bado ameshika kamba ya bendera. Kumwona Mogens anakuja kwa miguu yake mwenyewe, akaiachia, bendera ikaporomoka mpaka kwenye theluji.

Walituona jana tukishusha jeneza! Na Mogens hakuonekana nje juma zima kwa sababu ya mafua. Wakajumlisha. Mke wa Gunnar alikuwa jikoni ameshatoa kwenye oveni keki ya mdalasini ya kuniletea mimi mjane.

Mogens aliporudi alikuwa na keki mkononi. "Wamesema tuichukue tu, imeshaokwa." Tumeila yote, mjane na marehemu wake. Marehemu alikula vipande vitano.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumefungua! Mvua ya ubavuni, upepo, watu elfu tatu. Miguu yangu siisikii.

Lazima niandike habari ya ukoo wa Kjeldgaard kabla sijasahau. Walikuja tisa kutoka Aalborg, kuanzia babu mpaka kitukuu. Baba mtu aliwapanga langoni: tukipotezana, tukutane kwenye duka lenye Pip mkubwa mlangoni. Mpango safi kabisa. Kwa bustani yenye duka moja.

Saa tano babu akaingia kwangu, akaomba kiti, akakaa. Saa sita akafungua mkate wake wa samaki wa siki. Saa saba kipaza sauti kikatangaza: Babu wa familia ya Kjeldgaard anangojwa kwenye duka la Pip. Babu akasema, "Mimi si ndiyo nipo hapa?" Nikamweleza kwamba yapo kumi na moja. Akanitazama kwa huruma kama mtu asiye na akili, akainuka akaenda kuwatafuta.

Baada ya hapo nimemwona akipita dirishani mara sita, kila mara na mwanaukoo mmoja zaidi, kama mtu anayeokota uyoga. Saa tisa walikuwa saba, yeye akiwemo. Wa nane walimkuta kwa Preben. Wa tisa — mama mkwe — alikuwa amechoka kungoja akarudi Aalborg kwa basi.

Na Preben mwenyewe! Baada ya chakula cha mchana akaingia kwangu, akazunguka kaunta, akanisogeza taratibu kwa kiwiko. "Ahsante kwa kunishikia," akasema, na kuanza kumhudumia mteja wangu. Nikamwacha auze Pip wawili ndipo nikamwambia yuko dukani kwangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Matokeo ya juma la kwanza yamebandikwa chumba cha chakula. Wa kwanza: Preben. Nyuso za kijani hazihesabiki. Wa kumi na moja: mimi.

Natabasamu jamani! Mashavu yananiuma mpaka kwenye masikio. Kamilla amekuja kunitazama, amesimama karibu na vikombe. Amesema shida si meno, meno yapo. Shida ni macho. "Mdomo unasema karibu, macho yanasema tutakuzika."

Siwezi kumkatalia. Ni msichana mwenye jicho kali.

Preben alinifuata nyuma na kahawa kama kawaida yetu. Nikamwambia mrembo wa juma akanywe na warembo wenzake. Nimekunywa maji ya bomba peke yangu, nimesimama.

Alhamisi, 17 Aprili

Sikukuu ya Pasaka imeanza, watu wengi. Leo kumetokea jambo na sijui nalisemaje.

Saa nne hivi ameingia mama mmoja na binti yake wa miaka mitano. Nimemtambua hapo hapo, Solvej, wa Randers. Alikuwa anakuja kila kiangazi tangu ana miaka saba, nywele nyekundu, mwoga wa kila kitu, mpaka wa nyuki wa plastiki. Sasa ni mtu mzima. Alikuwa anamwambia mtoto mlangoni: sasa jitayarishe, utamwona, usimcheke, maana yeye hacheki kamwe. Mtoto amejificha nusu nyuma ya koti, macho yanameremeta kwa hofu na hamu.

Na mimi — fulana ya njano, meno nje. "Karibu nyumbani kwa Pip!"

Solvej akanitazama. Usoni kabisa, hatua mbili. Hakunijua.

"Samahani," akasema, "natafuta lile duka la majeneza. Na yule mama."

Nikasema, "Amestaafu." Limenitoka lenyewe.

Akasema ooh. Akasema bahati mbaya, alitaka kumwambia kitu. Kwamba siku ile alipoweza kununua panya wake peke yake, huku mama yule akimwangalia vile, alitoka nje akajua shule ataiweza. Ni upuuzi, akasema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikasema nitamfikishia.

Mtoto akatoka nyuma ya koti. "Mama, kumbe huyu hatishi." Alisema kwa masikitiko, kama mtu aliyefungua zawadi akakuta soksi.

Wamenunua Pip wa funguo. Wakati wa kutoka Solvej ameinama akabonyeza kishikwambi. Kijani. Uso wa kijani wa kwanza leo.

Nimeenda stoo nikakaa juu ya boksi la vikombe. Dakika kumi. Labda kumi na tano.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeacha kumnunia Preben. Yeye ndiye alikuja, akaniwekea kikombe, akakaa. Nikamweleza habari ya Solvej. Akasikiliza mpaka mwisho.

Kisha naye akasema lake. Kwamba yeye uharamia hakuupenda hata siku moja. Kitambaa cha jicho kilimpa vipele. Bahari anaiogopa, kivuko cha dakika ishirini tu kinamtapisha. Miaka kumi na tisa anaunguruma "simama hapo, panya wa majini!" na kila jioni koo linamwuma. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza anaamka asubuhi bila kujifunga kitu kichwani.

"Mimi ni mtu wa kutabasamu, Vibeke," akasema. "Ndivyo nilivyoumbwa. Walikuwa wamenizuia."

Kahawa nusu ilinitokea puani. Huyu mtu nimekaa naye miaka yote hiyo!

Basi kilichokuwa jela kwake kilikuwa nyumba yangu. Na sasa tumegeuziwa. Nimefikiri hivyo, nikakosa wa kumchukia. Inaudhi sana.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeharibu. Nimeharibu vizuri sana!

Saa tano kaingia msichana wa miaka kumi hivi, waya kwenye meno, amechoka, anaburuta mabuti. Nikamwambia karibu nyumbani kwa Pip. Akasema, "Tumeshapita maduka tisa. Nyie mna kitu tofauti?"

Nikamtazama. Kuanzia mabuti. Taratibu. Nikasikia sauti yangu — ya zamani, ya kutoka tumboni — inasema:

"Umechelewa. Vitu tofauti tuliwauzia waliokuja na viatu safi."

Mama mmoja akaacha kikombe hewani. Msichana akafungua mdomo, waya zote zikaonekana, akageuka akapiga kelele nje: "Njooni! Njooni haraka! Huyu ni mbaya!"

Sikuweza kujizuia tena. Ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana. Kijana mmoja akauliza kama kuna Pip mdogo zaidi. Nikamwambia yupo, amelala, ameomba asiamshwe na mtu mwenye masikio kama yako. Baba mmoja mnene wa Herning akanirudishia kwa kejeli ile "Karibu nyumbani kwa Pip!" yangu mwenyewe. Nikamwambia nyumbani kwa Pip watu wanafuta miguu. Akaenda akafuta! Wakati wote nimevaa fulana ya njano yenye kalunguyeye anayecheka kifuani. Nadhani hiyo ndiyo iliyowaua kabisa kwa kicheko.

Saa nane foleni imefika kwenye farasi wa kuzunguka.

Na kishikwambi! Watoto wamegundua ule uso mwekundu ulionuna unafanana na mimi. Wanagombania kuubonyeza. Nimemsikia mmoja akimwambia mdogo wake, bonyeza bibi, bonyeza bibi tena!

Jumatano, 23 Aprili

Nyekundu mia nne na kumi na mbili. Hakuna bustani yoyote ya wenye mali hawa, nchi nne, iliyowahi kufikisha hamsini. Wenzangu wananipisha kwenye mlango wa chumba cha chakula kama mtu aliyefiwa.

Kamilla ameniletea barua kwa mkono. Ijumaa saa nne. Nimemwuliza nije na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi? Akasema kama nitajisikia salama zaidi. Hakunitazama.

Mogens amesema nikifukuzwa tutakula viazi, vipo vingi, kwenye jeneza. Kisha akaniwekea mkono begani. Mogens haweki mikono begani.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekaa. Nimetulia. Naandika kwa mpangilio.

Chumba cha mkutano. Kamilla. Mwakilishi wangu akiwa na faili. Ukutani, kwenye skrini, wakubwa watatu kutoka Copenhagen. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilianza, "Miaka ishirini na miwili —"

Mkubwa wa katikati akanikatiza. Akauliza ile ya mabuti nimeitunga mwenyewe?

Nikasema ndiyo.

Wakatazamana. Wakaonyesha picha. Foleni yangu iliyopigwa kutoka juu. Video za watu; ile ya mimi nikimwambia mtu afute miguu imetazamwa mpaka Norway. Wakasema kumbe nyekundu zile hazikuwa hasira, zilikuwa mapenzi, na kishikwambi chenyewe ndicho kilikuwa hakielewi. Wakasema ahsante. Mwakilishi wangu akafunga faili kwa huzuni.

Nilitaka kulia kwa furaha! Nikauliza, basi naweza kupata kuta zangu nyeusi?

Hapana, kuta zinabaki. Wana wazo kubwa zaidi.

Kuanzia Juni, wauzaji wote, maduka yote kumi na moja, watakuwa wakali. Jina limeshapatikana: Ukali wa Kirafiki. Maneno yale yale, sauti ile ile, kuanzia viatu kupanda juu. Ikienda vizuri itapelekwa kwenye bustani zao zote. Na mwalimu ni mimi.

Nikasema nitafikiria. Kwetu huku "nitafikiria" ni hapana ya mtu mwenye adabu. Copenhagen wamesikia ndiyo. Wakapiga makofi.

Jumanne, 29 Aprili

Kamilla ameshinda dukani kwangu siku nzima, kwenye kile kiti cha babu wa Aalborg, anaandika kila kitu. Kabla ya "umechelewa" nanyamaza sekunde ngapi? Nyusi ya kushoto au ya kulia? Kwa mtoto wa chini ya miaka minne natumia kipimo gani?

Nimejibu nusu nusu. Mchana, watu wamepungua, akauliza kwa sauti ya chini, kama si ya kuandika: "Unapomtazama mtoto vile, moyoni unawaza nini?"

Sijawahi kuulizwa. Nikafikiri. Nikamwambia nawaza kwamba nampenda sana na asije akajua.

Macho yake yakawa na maji, naapa. Msichana mzuri, kwa kweli, viatu vimeshachafuka. Kisha akainamia kishikwambi chake, akaandika. Nimechungulia. Ameandika: *Upendo (usionekane).*

Jumanne, 6 Mei

Naandika haya chooni. Choo cha wafanyakazi, mlango nimefunga.

Darasa la kwanza ni leo. Nimeingia saa tatu, nikawakuta wote thelathini na wanne wamepangwa mistari, fulana za njano, mikono nyuma. Kila mmoja ana karatasi. Kwenye karatasi maneno yangu, moja baada ya jingine, na namba pembeni. Mabuti yale ni namba saba. Mzee wa duka la reli amekuja na miwani yake na meno yake matano, ameniambia kwa furaha kwamba hii anaiweza. Preben yuko mstari wa mbele, maskini, ananuna kwa nguvu zote mpaka shingo imevimba. Anafanana na mtoto anayezuia chafya. Alininong'oneza, "Nisaidie, mimi siwezi. Nikijaribu nacheka." Na mimi namtazama na sijui nimwonee huruma yeye au nijionee mwenyewe.

Kamilla akasema, "Haya, Vibeke. Waonyeshe."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Hewa tu. Nikasema samahani, tumbo. Nikakimbia.

Sasa ni dakika ya kumi na mbili. Wameanza bila mimi. Nawasikia kupitia ukuta, Kamilla anahesabu, moja, mbili, tatu, halafu sauti thelathini na nne pamoja:

"UMECHELEWA! TULIKUNGOJA JANA!"

Tena. Safari hii wamenyamaza kabla, sekunde mbili kamili. Ni wazuri. Mungu wangu, ni wazuri kweli.

Hatua. Kamilla anagonga. Anauliza kwa upole kama niko salama, wote wananingoja.

Nimemjibu — na sijui ilitoka wapi, mimi mwenyewe nimeshtuka — kwa sauti tamu, laini, ya asali tupu: "Nakuja, mpenzi wangu! Dakika moja tu, ua langu!"

Nimetega sikio mlangoni.

Halafu namsikia. Tik, tik, tik. Na hii anaiandika!